Hotuba Hairukwi

Tangazo lilitolewa Jumatatu asubuhi mbele ya ofisi, mjini Bariadi, kwa vipaza sauti vilivyoazimwa kwa bendi ya harusi. Kuanzia siku hiyo, Wakala wa Vibali vya Safari za Mifugo, kwa kifupi WAVISAMI, ulikuwa unaingia katika zama mpya: mfumo wake wa kompyuta utajipima afya wenyewe, utajiandikia majibu wenyewe na utajitibu wenyewe, bila kumsumbua binadamu yeyote.

"Bariadi nzima ni shahidi!" alisema Mkurugenzi, Bwana Protas Ngeleja, akipunga leso. Bariadi nzima haikuwepo. Walikuwepo watumishi, mama ntilie aliyefuata sahani zake, na wafugaji kadhaa waliokuja kuulizia vibali wakaambiwa wapige makofi kwanza. Walipiga vizuri tu, kwa sababu walikuwa na haraka.

Bwana Protas alikuwa mtu mwema, hilo lisemwe mapema. Hakula rushwa, hakumtukana mtu, na ndugu zake wa Mwamanyili aliwasalimu wote kwa majina. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hotuba. Alihutubia misibani, alihutubia kwenye kipaimara, na siku moja alihutubia foleni ya benki mpaka mlinzi akasahau kufunga mlango. Kwa imani yake, jambo lisilotanguliwa na hotuba lilikuwa bado halijaanza.

Sasa, kwa asiyejua, ng'ombe wa mkoa wetu wa Simiyu hatembei hovyo. Akitaka kutoka wilaya moja kwenda nyingine, awe anakwenda mnadani au kwenye mahari, lazima awe na kibali, na kibali kinaombwa kwa simu. Toleo la zamani la mfumo lilikuwa na sura mbaya, nyeusi tii na maandishi meupe. Mfugaji aliandika jina lake, idadi ya ng'ombe, anakotoka na anakokwenda, na kibali kikamfikia kabla ng'ombe hawajamaliza kucheua. Bwana Protas aliona katika hilo upungufu mkubwa. Mwananchi alikuwa anahudumiwa bila kujua nani anamhudumia.

Ndipo likaja toleo jipya. Lilikuwa na rangi za bendera, na ukilifungua tu, kabla ya jambo lolote, Mkurugenzi mwenyewe alijitokeza kwenye video, amevaa suti, akatoa hotuba ya ukaribisho. Ukiimaliza hotuba, ndipo unapewa nafasi ya kuandika jina lako.

"Mkurugenzi," aliuliza Harieth, ofisa wa mifumo aliyehamia kutoka Bukoba, "tusiweke kitufe cha kuruka? Mtu akiwa porini, bando dogo, mtandao wa kuokoteza..."

"Harieth," alijibu Bwana Protas kwa upole, "hotuba ya kiongozi hairukwi."

Maneno hayo yaliingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ile mashine ya kupima afya jina lake rasmi lilijaza mstari mzima, kwa hiyo watumishi waliiita Daktari. Ilikuwa programu iliyokaa kwenye seva ikitazama mambo mawili: waombaji wanasubiri kwa muda gani, na wangapi wanashindwa kabisa. Toleo jipya hupewa kwanza watu wachache, wengine wakabaki na la zamani. Daktari analinganisha. Akiona jipya ni zima, anawafungulia wote. Akiona ni gonjwa, analirudisha la zamani papo hapo, tena hamwombi mtu ruhusa. Ukutani ofisini iliwekwa televisheni kubwa ya kuonyesha hali ya mgonjwa, kijani kwa uzima na nyekundu kwa ugonjwa.

Ilibaki kuchagua hao watu wachache.

"Nimependekeza wafugaji wa Zagayu," alisema Harieth. "Wanaomba vibali kila siku. Daktari atapata cha kupima."

Bwana Protas alimtazama kwa huzuni ya mzazi.

"Kitu kipya, Harieth, kinaanza kwa mfugaji? Itifaki iko wapi?"

"Mkurugenzi, haya ni majaribio tu."

"Hata chai tunayojaribu kama ina sukari, anaanza kuonja mgeni rasmi."

Itifaki ikazingatiwa. Toleo jipya likapewa viongozi: Mkurugenzi mwenyewe, wakuu wa idara, wajumbe wa bodi, na waheshimiwa wastaafu. Simu za waheshimiwa zilikuwa zinakaa kwa madereva, kwenye mikoba ya makatibu, au zimezimwa kwa sababu wenyewe wako kikaoni. Hakuna kati yao aliyekuwa na ng'ombe wa kusafirisha. Siku ya kwanza ikapita, na televisheni ikawa na rangi ya kijivu.

"Kijivu ndiyo nini?" aliuliza Bwana Protas.

"Daktari anasema hana la kusema. Hakuna mtu aliyeomba kibali."

"Kuna aliyeshindwa?"

"Hapana. Hakuna aliyejaribu."

"Aliyecheleweshwa?"

"Hakuna."

"Basi unaniambia kwamba toleo jipya halijamshinda mtu hata mmoja, halijamchelewesha mtu hata mmoja, halafu mnalipaka rangi ya majivu?" Akageukia wakuu wa idara, nao wakatikisa vichwa kwa uchungu. "Kijivu siyo rangi ya ofisi hii. Pasipo na kosa, muandike afya."

Harieth akabadilisha. Televisheni ikawa kijani, na katikati yake yakatokea maandishi makubwa: AFYA ASILIMIA MIA. Mkuu wa idara ya utawala alifuta machozi.

Daktari, baada ya kuuona uzima huo kwa juma zima, alifanya kazi yake kama alivyofundishwa: akawafungulia mkoa mzima toleo jipya. Ofisi ikakata keki yenye umbo la ng'ombe. Siku hiyohiyo Bwana Protas akatoa Waraka wenye maagizo matatu, kwa sababu furaha yake haikutosha kwenye keki.

La kwanza, Daktari aendelee kupima simu za viongozi peke yake, kwani simu za wafugaji zina vumbi na zitachafua takwimu. La pili, hakuna ng'ombe, ndama wala fahali atakayepita kizuizini bila kibali cha mfumo, hata kama amri ya kumpitisha imetolewa kwa mdomo na kiongozi yeyote. La tatu, mtu yeyote ambaye simu yake itashusha afya ya mfumo aandikiwe barua ya kujieleza papo hapo, na mashine yenyewe, kwa sahihi ya Mkurugenzi.

Harieth alisoma agizo la kwanza, akasoma la tatu, akarudia la kwanza. Alifungua mdomo.

"Kuna swali?" aliuliza Bwana Protas.

"Hapana, Mkurugenzi," alisema Harieth. Aliingiza maagizo yote kwenye mashine kama yalivyo, akaenda kula kipande chake cha keki. Alipata cha mkia.

Kufikia katikati ya juma, kwenye kizuizi cha barabara ya Lamadi palikuwa na ng'ombe wengi kuliko mnadani. Wafugaji walikaa kando ya barabara, kila mmoja ameinua simu juu kutafuta mtandao, na kwenye kila simu Bwana Protas alikuwa anasema, "Ndugu wafugaji, wadau wa maendeleo, itifaki imezingatiwa," halafu anaganda. Kiduara kinazunguka, bando linakwisha, mtu anaanza upya. Ng'ombe walishakula bustani ya mlinzi, Kasmiri, wakamaliza matembele na kugeukia maua ya ofisi.

Kasmiri alipiga simu Bariadi. "Mheshimiwa, hapa pamejaa."

"Hongera," alisema Bwana Protas. "Huo ni mwitikio wa wadau."

"Wanasema hawapati vibali. Wanaomba wawekewe sehemu ya kuruka hotuba."

Bwana Protas alitazama televisheni. Kijani, asilimia mia. Alimwonea huruma Kasmiri, mtu anayekaa mbali na takwimu na kulazimika kutegemea macho.

"Andika hayo kama maoni," alisema.

Kwa bahati njema, juma hilo Mkurugenzi alikuwa na furaha kubwa kuliko hata ya Daktari. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake wa kwanza, Lukresia, kwa kijana Mayunga, mwalimu wa Zagayu. Mambo yalipangwa vizuri. Asubuhi ng'ombe wa mahari wangeingia nyumbani kwa akina Ngeleja, Mwamanyili, wazee wangewakagua, na mchana watu wote wangekwenda kanisani. Mama yake Bwana Protas, Bibi Nyanjige, alikuwa ameshasema neno lake, na Bibi Nyanjige hasemi mara mbili: ng'ombe wasipoingia zizini, mjukuu wake hatoki mlangoni, hata padri aje na kanisa lake mgongoni.

Ijumaa jioni simu iliita. Alikuwa Mzee Masalu, baba yake Mayunga, akisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mkwe."

"Mwadila, mkwe wangu. Mhola?"

"Mhola duhu. Ila ng'ombe wako wamekwama hapa kizuizini. Tangu jana tunakusikiliza wewe kwenye simu. Unaongea vizuri, lakini humalizi."

Bwana Protas alicheka kidogo, kicheko cha mtaalamu. "Haiwezekani, mkwe. Mfumo una afya asilimia mia."

"Mfumo ni mzima, sikatai. Sisi ndio wagonjwa."

"Labda hamjabonyeza vizuri. Au..." Hapa akasita, kwa sababu wazo baya lilimpitia, kwamba labda mwenzake hana ng'ombe na anatafuta pa kujificha. Hakulisema. Lakini Mzee Masalu alilisikia hivyohivyo, maana alikata simu bila kuaga, jambo ambalo kwa wakwe ni zito.

Jumamosi asubuhi uwanja wa Mwamanyili ulikuwa umefagiliwa, sufuria zimepangwa, shangazi wamevaa sare, Harieth na watumishi wenzake wameketi kwenye hema la wageni. Zizi lilikuwa wazi na tupu. Jua likapanda, na shangazi waliokuwa wanaimba wakaanza kunong'ona. Lukresia akatoka mpaka kizingitini, ameshapambwa, akiwa amekunja shela mkononi kama taulo.

"Baba, mimi naolewa leo au siolewi?"

Bwana Protas alimtazama mtoto wake na roho ikamuuma kwelikweli. Alikuwa amemfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja huohuo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akampigia Kasmiri.

"Fungua geti, wapite ng'ombe wa Mzee Masalu."

"Wana kibali, Mheshimiwa?"

"Mimi ndiye kibali! Nakuamuru."

Kasmiri alikohoa. "'Hata kama amri ya kumpitisha imetolewa kwa mdomo na kiongozi yeyote.' Mwisho wa kunukuu. Nimeubandika Waraka ukutani, Mheshimiwa. Ng'ombe walitaka kuula, nikauwekea plastiki."

"Mimi ndiye niliyeuandika huo Waraka!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Umeandikwa vizuri sana, hauna pa kupenya."

Hapakuwa na njia nyingine. Kibali kingeweza kuombwa na upande wowote, anayetoa ng'ombe au anayepokea. Dereva akatumwa garini kuileta simu ya kazi ya Mkurugenzi, iliyokuwa chini ya kiti pamoja na jeki. Bwana Protas aliifuta vumbi na kufungua toleo jipya, kwa mara ya kwanza tangu lizinduliwe. Watu wakamzunguka. Kwenye kioo akajitokeza yeye mwenyewe, na suti.

"Ndugu wafugaji, wadau wa maendeleo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Awali ya yo..."

Akaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Huyu ni wewe?" aliuliza Bibi Nyanjige, akiinama juu ya simu.

"Ni mimi, mama."

"Mbona umekaa hivyo?"

"Ni mtandao, mama."

"Ruka hapo, twende kwenye ng'ombe."

"Hairukwi, mama."

"Nani kasema?"

Bwana Protas alibonyeza tena. Simu ikaandika: Ombi lako limeshindikana, tunathamini muda wako. Alianza upya. Alipanda kwenye kichuguu. Alijisikiliza akisema "itifaki imezingatiwa" na kwa mara ya kwanza maishani aliyaona maneno hayo kuwa marefu. Aliganda tena palepale, na safari hii ni macho yote mawili yaliyofumba. Mara ya tatu dereva alimbeba begani, na Mkurugenzi akiwa huko juu, simu kaielekeza ziwani ulikotoka mtandao, akajikuta anamfokea Mkurugenzi aliye ndani ya kioo. "Sema haraka, bwana! Watu wanasubiri!"

Ombi lako limeshindikana.

Hapo simu ya Harieth ikapiga ukelele ndani ya hema. Ilikuwa sauti ambayo hakuna mtumishi wa WAVISAMI aliyewahi kuisikia. Harieth aliitazama, akainuka na chupa yake ya soda.

"Mkurugenzi, ni nyekundu."

"Nyekundu vipi?" aliuliza Bwana Protas kutoka begani kwa dereva.

"Daktari ameangalia simu za viongozi, kama ulivyoagiza. Tangu tuzindue, maombi yamekuwa matatu. Yote yameshindwa. Afya ni sifuri."

"Maombi ya nani?"

Harieth aliangalia soda yake. "Ya kwako, Mkurugenzi."

"Sasa Daktari anasubiri nini?"

"Hasubiri. Ameshalirudisha la zamani. Haombi ruhusa."

Kabla hajamaliza, simu ya Bwana Protas iliita. Alikuwa Mzee Masalu, akipiga kelele juu ya milio ya ng'ombe. "Mkwe! Kile cheusi kimerudi! Nimeandika jina tu, kibali hiki hapa! Na wa jirani hiki hapa! Kasmiri anafungua geti!"

Shangazi walipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Bwana Protas alishuka begani, machozi yakimlengalenga, akamkumbatia dereva, akamkumbatia Harieth na soda yake. Akiwa bado amemkumbatia, simu ya kazi ikatetemeka tena, na Lukresia, ambaye sasa alikuwa ameivaa shela yake, akaiokota na kusoma kwa sauti, akidhani ni pongezi.

"'Yahusu: Kutakiwa kujieleza. Mfumo umebaini kuwa simu yako imeshusha afya ya mfumo kutoka asilimia mia hadi sifuri, kitendo kinachoashiria uzembe na kutokuwa na uzalendo. Unatakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua. Wako katika ujenzi wa taifa, P. Ngeleja, Mkurugenzi.'" Akanyanyua macho. "Baba, umejiandikia?"

Wakuu wa idara walitazama viatu. Bwana Protas aliichukua simu, akaisoma barua mwenyewe, polepole, na kwa sababu alikuwa mtu wa haki alikiri moyoni kwamba ilikuwa kali lakini imeandikwa vizuri.

"Utamjibuje?" aliuliza Bibi Nyanjige.

"Nitamwomba msamaha, mama."

"Atakubali?"

"Simjui vizuri," alisema Bwana Protas.

Ng'ombe walifika mchana, wenye vumbi na walioshiba maua ya serikali. Nyuma yao walikuja wafugaji wengine waliofunguliwa pamoja nao, wakaona heri wapite kusalimia nyumba ya mtu ambaye sauti yake walikuwa wameshaizoea. Wazee walikagua pembe na nundu, wakaridhika. Mzee Masalu alimpa Bwana Protas mkono, akaushika muda mrefu.

"Wabeja, mkwe," alishukuru. " Jana niliudhika."

"Ulikuwa na haki, mkwe."

Padri alisubiri, ndoa ikafungwa, na watu wakarudi kwenye pilau. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa, kabla ya chakula, baba wa bibi harusi atasema neno. Bwana Protas akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa leso. Moyo wake ulikuwa umejaa, na kila kitu kilichomjaa kilijua njia moja tu ya kutokea.

"Ndugu wageni waalikwa, wakwe zangu, mabibi na mabwana," alianza, "itifaki imezingatiwa. Awali ya yote..."

"Ruka!" ilitoka sauti nyuma ya hema, kwenye kundi la wafugaji.

Wengine wakadakia. "Ruka! Ruka!" Shangazi wakaingia, watoto wakaingia, wakuu wa idara wakaitikia kwa sauti ya chini huku wakiangalia pembeni, na Lukresia, kwenye kiti chake cha enzi, alikuwa ameziba mdomo kwa shela na mabega yanamtikisika.

Bwana Protas alisimama mdomo wazi, jicho moja limefumba. Waliokuwa kizuizini juma lile waliutambua mkao huo mara moja, wakaanza kucheka. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa limeonekana katika utumishi wake wote. Aliruka.

"Karibuni chakula," alisema, akaketi.

Makofi yaliyopigwa hayakuwahi kupigwa kwa hotuba yake yoyote. Aliguswa sana, kiasi kwamba akaanza kuinuka ili awashukuru, lakini mama yake alikuwa ameshamshika koti.